Alama niliyoona mu maharagi ya mama

Kosa ni langu miye mwenyewe, si la vita wala la mvua. Municheke polepole.

Vita ilipotufukuza kijijini kwetu Kirolirwe, mama alifika kambi ya wakimbizi ya Lushebere na sufuria moja na kamufuko ka mbegu. Ilikuwa maharagi ya muchanganyiko, ya kila rangi, hata nyeusi ndogo, yenye mama yake alimuachia. Kwetu wamama wanapanda yote pamoja: mvua ikiua hizi, zingine zinabaki. Wenyeji wakamupa kashamba.

Miye nilikuwa mwanafunzi wa inivesite kule Goma, naandika kazi ya mwisho juu ya ADN ya maharagi, ile herufi za urithi ndani ya kila mbegu. Iko programe ya kompyuta yenye inasoma ADN, inatafuta kipande kifupi chenye kinarudilia karibu na jeni, pale jeni inawashwa ao inazimwa. Nikaipatia maharagi yenye haiozake mizizi tu. Ikaniletea kipande kimoja, alama ileile mu yote, nikasema hii njo inazuia kuoza. Aye, nilijiona profesere!

Na kwa kuwa yale yalikuwa mekundu, nikafika kambi kifua mbele.

«Mama, panda nyekundu tu. Zingine tukule.»

«Mashini yako iliona udongo wa huku?»

«Iliona ADN.»

«Haya, Papa ADN.»

Akachagua siku mbili, moja moja, bila kunung'unika. Zingine tukapika, na miye njo nilimaliza sufuria.

Mvua ikazidi. Nyekundu zikaoza zote.

Kule Goma profesere akaniuliza: «Na yenye inaozaka, uliiweka mu programe?» Sikuwa nimeiweka. Nikaiweka, alama ileile ikatoka: herufi T na A, T na A, kitu chenye kinapatikana kila pembe ya ADN. Programe haikunidanganya. Niliiambia itafute, ikatafuta. Kulinganisha ilikuwa kazi yangu.

Nililia, siwafiche. Mbegu iliponyoka vita, ikaishia mu tumbo yangu.

Mama akazunguka kambi akiomba kiganja cha mbegu kwa kila mama, na miye nyuma nikibeba kikapu. Ananionyesha: «Huyu njo musomi wangu. Alikula mbegu.» Wanacheka, wanamupa.

Muchanganyiko umerudi, lakini zile nyeusi ndogo za mama yake, hakuna mwenye iko nazo. Kila muntu mwenye anatoka mbali, hata Walikale, mama anamuuliza kama aliziona.

Ninyi wenye ordinateri, yaani kompyuta, mbele ya kumuambia mama yenu aache kitu, mupatie mashini na zile mbegu zenye haziwafurahishe. Na kama muko na haragi nyeusi ndogo kule kwenu, tafazali, musipike zote.