Lori Lililoteremka Tupu kutoka Mbololo

Wiki iliyopita, redio ilipokuwa ikisoma matangazo ya vifo baada ya taarifa ya habari ya mchana, nilisikia jina ambalo sikutarajia kulisikia hapo. Wasomaji wa safu hii wanajua kwamba huwa sitaji watu, na huyu naye nitamwacha bila jina. Mtangazaji alisema marehemu alikuwa mfanyabiashara wa Voi, kwamba ameacha mjane na watoto, na kwamba atazikwa katika shamba lake nje kidogo ya mji. Kuhusu lori lake hakusema neno. Nilisukuma sahani kando. Huzuni ilikuja, lakini kabla yake ulikuja wasiwasi, kwa sababu najua msiba wa kwetu ulivyo: watu wakishamaliza kulia huanza kukumbuka, na nilijua watakachokumbuka juu ya mtu huyu. Kuna jambo moja ambalo Voi imelisema juu yake miaka yote hii. Jambo hilo si kweli, na sasa mwenyewe hayupo tena wa kulikanusha.

Nilimfahamu mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilipotumwa Voi kuwa mwandishi wa habari wa huko nikapanga chumba Kaloleni, nyuma ya duka lake. Alikuwa Mkamba aliyekuja na reli akiwa kijana, akaacha kazi ya reli, akafungua duka la misumari, mabati na rangi. Siku moja alikwenda Chala kudai mbao zake, akaona katika shamba la mtu gamba la lori la wakati wa vita vya pili, lori la pua ndefu, limeachwa na jeshi na kugeuzwa banda la kuku. Hakuzikumbuka tena mbao. Alilinunua gamba lile pamoja na kinyesi cha kuku, akalipakia kwenye behewa la mizigo la treni ya Taveta, na likashushwa Voi mbele ya watu waliokuja stesheni kumcheka. Kwa miaka kadhaa baada ya hapo, kila nilipopita uani kwake niliona miguu yake tu ikitokeza chini ya injini. Ukimuuliza mkewe bwana yuko wapi, alikujibu bila kuinua macho kutoka kwenye mchele anaochagua: "Muulize mke mwenzangu. Wamelala pamoja tangu asubuhi."

Ni vigumu kumweleza mtu wa leo jinsi starehe ya namna hiyo ilivyokuwa ngeni mjini Voi. Kwetu lori lilikuwa mkonge, mchanga, maji na mahindi. Lori lilipimwa kwa mgongo wake. Mtu kufufua lori la zamani, kulipaka rangi ya kijani iliyoiva, kuling'arisha taa mpaka ujione uso, halafu kulipeleka maonyesho ya kilimo Mombasa likasimame tu litazamwe, watu waliona kama dharau. Mwaka wa kwanza alirudi na utepe wa ushindi. Akautundika dukani juu ya mizani ya misumari, na kuanzia hapo akapata ugonjwa wa kujisifu. "Hii lori," alikuwa akiwaambia wateja, "ni mpya kuliko siku ilipotoka kiwandani. Leta mzungu aliyeitengeneza, ataomba msamaha." Watu walicheka na kuamini, na nadhani yeye mwenyewe kuna saa alikuwa akiamini.

Lakini mimi nilikuwa nikikaa naye uani Jumapili jioni, na nilijua kilichomnyima raha. Breki zilikuwa mbovu. Lori la zamani lile lilitumia breki za mafuta, na ndani ya pampu yake mna raba ndogo ambazo hakuzipata popote, si Mombasa wala Nairobi. Waamuzi wa maonyesho walikata alama kwa kila kifaa kisicho cha asili, kwa hiyo hakutaka kuweka pampu ya gari jingine. Alichonga raba za gari dogo kwa kisu akazibana humo. Zilitosha kuzunguka uwanja wa maonyesho kwa mwendo wa bibi harusi. Kwa kazi nyingine yoyote hazikutosha, naye alijua. "Ndugu yangu," aliniambia siku moja huku akifuta mikono, "hii ni ya kutazamwa. Mungu anisaidie wasije wakaniomba."

Wakaja kumwomba. Ulikuwa msimu wa mvua, na mama mmoja wa kanisani kwao, Mtaita wa Mbololo aliyekuwa akiishi Kaloleni, alikuwa amefariki. Alitakiwa azikwe kwao juu mlimani. Pikapu iliyokodishwa ilikwama kwenye tope asubuhi ileile kabla hata ya kutoka mjini, na malori mengine yote yalikuwa safarini. Wazee watatu wa kanisa wakaingia uani na kofia mikononi. Akawaambia ukweli, nami nilikuwepo nikiusikia. Alisema lori lake halina breki za kuaminika. Mzee wa kanisa aliyewaongoza alilitazama lori, akajitazama kwenye mlango wake uliong'aa, akatabasamu kwa uchungu. "Baba, inang'aa hivi halafu unatuambia ni mgonjwa? Juzi si ulisema ni mpya kuliko ya kiwandani?" Mwingine akaongeza, kwa sauti ya chini lakini ya kusikika: "Tungekuwa Wakamba wenzake ingekuwa imepona." Mhamiaji anaweza kukaa mahali miaka ishirini, akaoza watoto huko, akazika huko, na bado kuna neno moja linaloweza kumrudisha stesheni alikoshukia. Rafiki yangu aliingia ndani akachukua koti.

Kupanda hakukuwa na matata makubwa. Alibeba jeneza, wafiwa wa karibu na wanaume wa kulishusha, akaagiza wawili watembee nyuma ya magurudumu wakiwa na mawe mikononi, wayatupe chini lori likijaribu kurudi nyuma. Watu waliona ni mbwembwe za maonyesho. "Anatembeza lori kama maiti ni hiyo," alisema mmoja, na wenzake wakaficha vicheko vyao kwa heshima ya msiba. Waombolezaji wengine walipanda kwa miguu, kwa kuwa asubuhi hiyo hapakuwa na mvua. Tulipofika boma la wafiwa, alizima injini, akaweka mawe mbele na nyuma ya kila gurudumu, akanivuta kando. "Pale kwenye kona ya mwisho nimekanyaga mara tatu ndiyo ikashika," alisema. "Sijui ya nne ingekuwaje."

Sikumbuki mahubiri ya siku ile. Nakumbuka mawingu yakishuka kutoka kilele cha mlima, na macho ya rafiki yangu yakihama kati ya mawingu na barabara. Maziko yalipokwisha, mvua nyembamba ikaanza, na kina mama ambao walikuwa wamepanda kwa miguu wakaelekea kwenye lori kama ilivyo kawaida, kwa sababu lori linaloteremka tupu haliombwi ruhusa. Walikuwa wameshaanza kuvutana mikono kupanda aliposimama nyuma ya bodi akasema, "Shukeni. Sibebi mtu kwenda chini." Kwanza walidhani anatania. Bibi mmoja akamwambia, "Baba, sogea, mgongo unaniuma." Akarudia: "Mama, nakuomba ushuke. Breki hakuna." Kijana mmoja akapiga kelele kutoka nyuma, "Breki zilikuwepo kubeba marehemu!" Na bibi mwingine, akitazama viatu vyake vilivyojaa udongo mwekundu, akasema lile neno ambalo Voi ililichukua ikaondoka nalo: "Semeni tu ukweli. Anaogopa tutamchafulia rangi."

Aliwashusha mmoja mmoja kwa mkono, na waliokataa mkono wake walishuka wenyewe wakisonya. Mimi pia alinikatalia kuingia. Nikachukua jiwe kubwa nikatembea kando ya gurudumu la nyuma, mzee wa kanisa akiwa mbali nyuma yetu pamoja na kina mama, mwavuli mmoja kwa watu wanne. Lori liliteremka kwa gia ya kwanza, injini ikilia, breki ya mkono imevutwa hadi mwisho. Kabla ya kona iliyo juu ya kijito, gia ikaruka. Mlio wa injini ukalegea ghafla, na nikalisikia lori likipumua na kuanza kukimbia. Nilimwona akikanyaga mara moja, mara mbili, goti likipanda na kushuka kama mtu anayeshona kwa cherehani. Kupitia dirishani alisema neno moja tu, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Imeenda." Nikatupa jiwe. Gurudumu lililipanda na kulivuka, lakini lilipoteza nguvu kidogo, na kwa nafasi ile ndogo akalipeleka lori kwenye ukuta wa mlima, taratibu, ubavu mzima, likisuguana na udongo na mawe mpaka likasimama. Upande wa pili wa barabara hapakuwa na kitu ila hewa na sauti ya maji chini. Kama nyuma pangekuwa na uzito wa watu, jiwe langu lisingefanya lolote, wala ukuta ule.

Kina mama walitufikia wakamkuta ameketi kwenye tope, mgongo kwenye gurudumu, akijaribu kuwasha sigara iliyoloa. Waliuona mlango uliokwaruzwa kutoka mwanzo hadi mwisho. "Mungu halali," alisema yule bibi wa viatu. "Rangi yenyewe imetoka." Wakacheka, kicheko cha watu waliochoka, wakapita. Niliwaambia breki zimekufa. Kijana wa awali akaniuliza bila kusimama, "Na wewe mwandishi, umenunuliwa soda?" Lori liliteremka sehemu iliyobaki jiwe kwa jiwe, likaingia Voi jioni likiwa zima. Kwa kuwa liliingia zima, hapakuwa na ushahidi wa lolote.

Nilieleza. Nilieleza kanisani, sokoni na kwa kinyozi, na kila mara nilisikilizwa kwa adabu anayopewa mtu anayemtetea rafiki. Yeye mwenyewe hakueleza tena. Alifanya kitu ambacho kwangu kilikuwa kizito kuliko maelezo: aling'oa ile pampu ya asili, akaweka ya lori la kisasa, na breki zikashika hata ukiigusa pedeli kwa kidole cha mguu. Maonyesho ya mwaka uliofuata waamuzi walimkata alama na hakupata utepe. Hakujali. Alirudi akaliegesha lori mbele ya duka badala ya uani, mahali ambapo kila mpita njia angeliona, akangoja aombwe. Hakuombwa. Misiba ilipita, harusi zikapita, kwaya ikaenda Taveta kwa lori la kukodi. Salamu alipewa, misumari waliinunua, lakini lori lake hawakuliomba tena. Nilipohamishiwa Mombasa lilikuwa lingali pale, likipigwa jua, matairi yamejaa upepo.

Tangu siku ile sijawahi kuona lori lililojaa watu likiteremka mlima nikabaki na amani. Nimeandika habari za ajali nyingi katika barabara ya Mombasa, na katika karibu kila moja nimesikia watu wakisifiwa: waliovuta majeruhi, waliotoa khanga za kufunikia maiti, waliochangisha. Wanastahili. Lakini huwa najiuliza ni madereva wangapi asubuhi hiyohiyo, mahali pengine, walikataa kuondoka, wakatukanwa, wakakosa kazi, na safari yao haikuandikwa gazetini kwa sababu hapakuwa na la kuandika. Nchi yetu changa inapenda mno kitu kilichopakwa rangi. Tunapaka zahanati mgeni anapokuja, tunapaka madaraja, tunapaka hata taarifa zetu za mwaka, kisha tunashangaa mtu anapotuambia tusipande. Rafiki yangu naye alikuwa na sehemu yake katika hilo. Alijisifu sana kuhusu rangi, na siku alipohitaji kuaminiwa kuhusu breki hakuwa amebakiza imani ya kutosha.

Nilikwenda msibani. Mambo yalikuwa kama nilivyoogopa. Chini ya turubai nilikaa karibu na yule bibi wa viatu, sasa amezeeka sana, naye alikuwa akimsimulia jirani yake: "Alikuwa mtu mzuri, simsemi vibaya, lakini roho yake ilikuwa kwenye rangi. Siku ile nilikuwa na huyu mjukuu wangu mgongoni, mchanga, na mvua ile, akatushusha." Alimwelekezea kidole msichana mrefu aliyevaa sare ya shule, aliyekuwa akizungusha chai. Nikamwambia tena, pole pole, habari ya gia, ya pedeli, ya kona juu ya kijito. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akamtazama msichana akimimina chai, akanigeukia. "Kama ilikuwa hivyo, mwanangu, mbona hatukuona kitu?"

"Hamkuona kitu, mama, kwa sababu alikataa."

Akanipigapiga mkono, kama mtu anayemliwaza aliyefiwa. "Wewe naye mlikuwa marafiki," alisema, akapokea chai yake.

Sina uhakika kama gazeti litaweza kufanya nililoshindwa kufanya kwa mdomo. Naandika kwa ajili ya mwenye lori mwingine, ambaye huenda leo anasimama nyuma ya bodi mahali fulani juu ya mlima, mvua inaanza, na watu wamechoka na wana haki ya kuchoka. Akiwaambia mshuke, shukeni. Msimwombe ushahidi, kwa kuwa ushahidi wa maneno yake ni ninyi wenyewe mkiwa chini ya korongo. Mkasirikieni mpendavyo, mkimkasirikia kwa miguu njia nzima mpaka nyumbani, mfike na hasira zenu, na watoto wenu migongoni.