Gari Lililotiwa Kalafati

Kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama wa mwenye mimba. Mama yangu alikuwa Andilana, Nosy Be. Mimi nilikuwa kwa mume, Mahajanga. Katikati palikuwa na bahari, na mimi nilikuwa nimeapa kwamba sipandi tena chombo mpaka niingie kaburini.

Niliapa siku niliyoletwa. Wenzangu huingia kwa mume wakinukia asumini. Mimi niliteremshwa bandarini nimeshikwa makwapani, rangi yangu ya bamia, na jambo la kwanza nililomfanyia mama mkwe wangu ni kumtapikia viatu. Maskini, alinipokea kwa bismillahi na ndoo ya maji, lakini nilijua kuwa mtaa mzima umeshapata habari.

Basi mimba ilipoingia, nikamwambia mume wangu kinaganaga kwamba kwa mama nitakwenda na chomboni sipandi.

"Utapita wapi, mke wangu?"

"Nchi kavu."

"Nosy Be ni kisiwa."

"Mpaka Ankify ni nchi kavu. Kile kipande cha maji cha pale nitafumba macho."

Ndege zilikuwepo, zikitua Amborovy nje ya mji, lakini kwa watu kama sisi ndege ilikuwa kitu cha kuangalia. Malori ya kwenda kaskazini yalijaa magunia, na abiria alikaa juu ya magunia. Mama mkwe akasema mjukuu wake hatapakiwa na mpunga, bora azaliwe hapo hapo Mahajanga. Nikanuna. Mimi nikinuna, nyumba nzima hula wali mkavu.

Mume wangu alikuwa fundi wa mashua na mtoto wa fundi wa mashua. Hakuwahi kumiliki hata baiskeli. Lakini miaka ile ya mwanzo wa uhuru kambi moja ya jeshi ilikuwa ikiuza vyuma vyake chakavu, na siku moja akaja nyumbani na mifupa ya gari: fremu, magurudumu manne na usukani, vyote vikiburutwa na ng'ombe. Vikaingizwa kwenye banda la uani nililokuwa nikipikia. Mimi na sufuria zangu tukahamia kwa mama mkwe.

"Hili litapanda mlima na litavuka mto," akasema. "Litakufikisha kwa mama yako kabla hujajifungua."

Nilicheka mpaka nikaketi chini. Kisha nikaona hacheki, na nikampenda sana.

Mambo ya mota aliyachukua shemeji yangu, mdogo wake, ambaye alikuwa makanika katika kinu cha mpunga. Alitafuta mota ya lori lililopinduka na kuifunga mahali pake, na kila jioni walibishana wawili hao mpaka adhana ya magharibi ikawanyamazisha. Kikubwa walichobishania ni bodi, maana mume wangu aliijenga kwa mbao, na aliijenga kwa namna pekee aliyoijua. Alianza kwa kuweka mkuku, ule mti mrefu ambao mashua hulalia. Gari halihitaji mkuku, hata mimi mpishi nilijua. Akafuatisha mataruma, kama mbavu, kisha akapigilia mbao juu yake mpaka chini karibu na ekseli.

Nyumbani tuliongea Kimalagasi, na mama mkwe alipokasirika, Kikomori. Kiswahili kilichobaki kwetu kilikuwa cha sala, cha biashara na cha bahari. Kwa hiyo gari lile lilikuwa na omo badala ya mbele na tezi badala ya nyuma, na shemeji akiomba nyundo aliambiwa iko tezi.

"Kaka, hili ni gari!"

"Basi iko nyuma ya gari, tezi."

Mimba ilikua na gari likakua, tukawa tunashindana. Mbao zilipokwisha kupigiliwa nikadhani safari imefika. Wapi! Mume wangu akatoa pamba na mafuta akaanza kutia kalafati, yaani kushindilia pamba ile kwa patasi katika kila upenyo kati ya ubao na ubao, ili tone la maji lisipite. Alikuwa na subira ya ajabu. Akipita ubao mmoja, anaugonga, anausikiliza, anaurudia. Mimi kila asubuhi nilikwenda bandani na tumbo langu nikalisimamisha mbele yake bila kusema neno.

Shemeji ndiye aliyesema. "Toboa matundu sakafuni, kaka. Maji ya mtoni yakiingia yapate pa kutokea."

Mume wangu aliweka patasi chini. "Mimi? Nitoboe chombo changu kwa mkono wangu? Watu wa bandarini watasema nini?"

"Hakuna mtu wa bandarini atakayelala chini ya gari kuangalia."

"Maji hayataingia. Sijawahi kujenga kitu kinachovuja."

Tukalijaribu kwenye mchanga wa Amborovy. Lilipanda vilima vya mchanga likinguruma, na mama mkwe, aliyekuja kulisomea fatiha, alisahau heshima yake akapiga vigelegele. Siku chache baadaye tukaondoka, shemeji kwenye usukani, mume wangu pembeni, na mimi katikati juu ya mito yote ya nyumbani.

Niseme kweli, nilifurahi. Barabara ilikuwa mashimo na vumbi jekundu, lakini gari lilikwenda. Mito mikubwa tulivushwa kwa pantoni ya kuvutwa na kamba, nami nikafumba macho na kumtaja Mungu. Watoto walitukimbilia kila kijiji wakiuliza ile mashua inakwenda wapi.

Tulipoupita mji wa Antsohihy tukafika kwenye mto usio na pantoni. Ulikuwa mpana kiasi, maji yamefika kwenye mapaja ya ng'ombe waliokuwa wakivuka. Shemeji akaingia polepole. Maji yakafika kwenye magurudumu, yakafika kwenye mbao. Mume wangu akainama, akapapasa sakafu kwa kiganja, akainuka uso unang'aa.

"Kavu! Mnaona? Kavu kabisa!"

Hapo hapo gari likaacha kutikisika. Baada ya siku zote zile za kurushwarushwa, likawa laini, tulivu, likayumba kidogo kulia na kidogo kushoto. Tumbo langu lilitambua kabla ya kichwa. Tulikuwa tunaelea. Mota ikakohoa ikazima, omo ikageuka kuangalia tulikotoka, na gari la mume wangu likaanza safari yake kuelekea baharini. Shemeji aliendelea kuzungusha usukani kwa nguvu zake zote. Mimi niliyoyasema siwezi kuyaandika, maana wajukuu wangu wanasoma.

Tulikwama kwenye fungu la mchanga. Wenye ng'ombe wakatuvuta wakicheka, na sikuwalaumu. Nilipokwisha kutapika, nikamtazama mume wangu. Alikuwa amekaa chini, ameshika keekee yake ya kutobolea mbao. Shemeji alinyoosha mkono aichukue.

"Niachie," akasema. Akaingia garini akatoboa matundu yeye mwenyewe, moja baada ya jingine, katika sakafu ile aliyoitia kalafati kwa mikono yake. Alipotoka akanifuta uso kwa kanzu yake.

Mito iliyobaki tulivuka miguu ikiwa majini, lakini magurudumu yakiwa chini. Tukafika Ankify. Kisiwa kile pale, na maboti yanangoja. Mimi nikafika kwenye maji, na miguu ikakataa. Ule mto ulikuwa umemaliza ushujaa wangu wote. Nikakaa mchangani nikalia, na tumbo langu kubwa, mbele ya wapagazi na wauza ndizi. Mume wangu hakubishana. Akanitafutia chumba kwa mama mmoja muuza chakula, akaniacha na shemeji, akavuka peke yake kumfuata mama.

Nililala na kinyongo juu ya mama. Tangu niolewe alikuwa hajakanyaga Mahajanga. Kila nilipomwita, mara kuku hawana mtu, mara paa linavuja, mara ni msimu wa kuchuma mlangilangi. Nilikuwa nimeshawaambia majirani kwamba mama yangu anapenda maua ya kampuni ya manukato kuliko mwanawe.

Kesho yake alasiri boti likarudi. Nilimwona mume wangu amesimama, lakini mama sikumwona. Boti lilipogusa mchanga akainama, akamwinua mtu aliyelala chini kabisa kati ya matenga, amejifunika leso gubigubi. Akambeba mpaka pwani. Alikuwa mama, rangi ya bamia, macho yamefungwa, mikono imeng'ang'ania shingo ya mkwewe bila haya yoyote.

"Ameanza kutapika kabla hatujaondoka," mume wangu akaninong'oneza. "Hajawahi kutoka kisiwani maisha yake yote. Hata boti la wavuvi hajalipanda."

Nikapiga magoti mbele ya mama. Hakunisalimu. Alijifuta mdomo, akaweka kiganja juu ya tumbo langu, akasubiri mpaka mtoto aliposukuma.

"Nimekuja kukuzalisha," akasema. "Hapa au kwetu, chagua. Ila ukisema kwetu, mwanangu, kwanza niache nipumue."

Nikasema kwetu. Asubuhi yake tulilala wawili sakafuni mwa boti, mmoja kichwa huku na mwenzake kule, na debe katikati, na mume wangu akitushika miguu. Shemeji alirudisha gari Mahajanga, ambako lilibeba makaa na samaki kwa miaka mingi.

Mwanangu alizaliwa Andilana mwezi huo huo, mikononi mwa mama. Tangu hapo kila mwaka nilivuka kwenda kumwona, nikitapika njia nzima. Yeye hakupanda chombo tena hadi alipokufa, na mimi sikumwita tena.