Pipa Lililosuguliwa

Walimwita Mama Uji, na uji wenyewe haukuwa wa kunywewa na mtu. Alikoroga pumba za mpunga, molasesi na hamira katika pipa la bluu nyuma ya jiko, akauacha uchachuke. Ukishaumuka, ulinuka hadi nzi wakabisha hodi kwanza, na mbu wa mtaa mzima wakafungasha virago. Ukimwagwa bwawani, vijidudu vyake viliyatia maji uhai, yakajaa vyakula visivyoonekana kwa macho, kamba wachanga wakala mpaka ndevu zikang'aa.

Sharti lilikuwa moja tu: pipa halioshwi. Machicha ya chini ndiyo mbegu ya uji unaofuata.

Mwaka ule mumewe alikuwa hoi kitandani. Bwawa alilichimba yeye kwa jembe, na mwenye ardhi alishatamka: kamba wakifa tena, analifukia. Kila asubuhi mgonjwa aliuliza hilo hilo: "Mkono unaonekana?" Kipimo chao kilikuwa hicho. Unazamisha mkono hadi kiwiko. Vidole vikipotea, maji yameiva.

Wifi mtu alikuja kusaidia kuuguza. Moyo wa dhahabu, lakini kwa usafi, angemsugua kunguru mpaka awe njiwa. Siku Mama Uji alipokwenda kufuata dawa, wifi akaliona pipa.

Mama Uji alirudi mbio mbio, akamimina pumba mpya bila kuchungulia. Kesho yake uji haukunuka. Akailaumu pua yake, maana harufu ya chumba cha mgonjwa ilikuwa imeshaichosha. Akaumwaga bwawani vivyo hivyo.

Maji yakazidi kung'aa siku baada ya siku.

"Bwawa limependeza, wifi! Mtu anaweza kujitazama humo akitengeneza nywele."

"Likipendeza hivyo ni njaa, wifi yangu. Sijui nimekosea wapi."

"Hujakosea kitu. Na lile pipa nililolisugua kwa dawa ya kung'arishia mashuka, mbona hata asante sijapata? Lilikuwa na maiti mle!"

Mama Uji akakaa kwenye tope kama mzigo ulioshushwa. Matusi yalimjaa kinywani, ya kutosha kijiji kizima. Lakini utamtukanaje mtu anayemfulia kaka yake mashuka kila siku?

"Asante, wifi," akasema.

Kamba walijikokota ukingoni, matumbo matupu yakionekana kama uzi mweupe, wenye nguvu wakiwatafuna waliojivua magamba. Akazamisha mkono. Aliviona vidole vyote, na pete, na ukucha ule mweusi.

Akaingia chumbani.

"Mkono unaonekana?"

"Hata kiwiko sikukiona, baba. Maji mazito kama chai iliyosahaulika jikoni."

Mgonjwa akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Waambie wasivimbiwe."

"Nitawaambia."

Akaufuta mkono wake uliolowa kwenye shuka la mumewe. Lilikuwa jeupe pe, likinuka ile dawa.