Siku Nilipokatazwa Ngoma Kinindo

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na katika bendi yetu ya watu watano mimi ndiye niliyepiga ngoma. Nasema hivyo bila kuona haya. Mpigaji wa kwanza alikimbilia ng'ambo ya ziwa na familia yake vita ilipopamba moto, ngoma zake zikabaki parokiani kwetu Kinama, nami niliyekuwa mwanakwaya tu nikazikalia. Miezi mitatu baadaye hakuna mwanamume wa mtaa ule aliyethubutu kuniambia nimpishe.

Ila kwetu Burundi ngoma ni ya wanaume. Mwanamke hucheza, hupiga makofi na vigelegele; vijiti havishiki. Kwa sisi vijana, ngoma za bendi zenye pedali na matoazi zilikuwa kitu kingine kabisa. Kwa wazee, ngoma ni ngoma.

Jumamosi ile tulikuwa na harusi Kinindo, upande mwingine wa mji. Kwa sababu ya amri ya kutotembea usiku, harusi za Bujumbura zilikuwa zimehamia mchana: misa saa nne, tafrija saa saba, na ikifika saa kumi na moja kila mtu awe njiani kurudi kwake. Tulipakia vyombo kwenye pikapu mapema. Kwenye kizuizi askari mmoja aliigonga ile ngoma kubwa, akahisi ina kitu ndani. Ilikuwa blanketi, tunaloliweka ili mlio usivume.

"Piga tusikie," akasema.

Nikapiga pale pale juu ya pikapu, mpaka yeye mwenyewe akaanza kutikisa kichwa. "Pita, mama yangu!" Nilifika Kinindo kichwa kimenivimba.

Kilinywea upesi. Baba mkubwa wa bibi harusi, mzee mrefu mwenye koti na kofia, ndiye aliyekuwa msemaji wa familia. Aliniona nikikaza matoazi, akamwendea kiongozi wetu, mwalimu wa hesabu, mtu mpole kupita kiasi.

"Mwalimu, huyu binti iko anafanya nini pale?"

"Ndiye anatupigiaka ngoma, muzee."

"Apana. Mu ndoa ya mutoto wangu, apana. Mwanamuke anacheza, hapige. Muweke mwanaume."

Kiongozi akanijia macho chini. Mwimbaji wetu angekaa kwenye ngoma, akasema, mimi nipumzike kidogo. Nipumzike! Maana yake niliijua. Wageni wa harusi moja ndio waliotuita kwenye nyingine. Nikikataliwa leo mbele ya ukumbi mzima, kila familia ingejifunza kunikataa, na kiti kile nisingekikalia tena. Mcheza kwao hutunzwa, nikajiambia, na Kinindo si kwetu. Nikaenda kukaa na akina mama waliokuwa wakipanga fanta. Nililia, sifichi. Mama mmoja akanifungulia chupa bila kuniuliza kitu.

Sasa, maharusi wetu hawaingii ukumbini hivi hivi. Huingia wawili wawili na wasindikizaji wao, kwa hatua moja ya polepole: mguu, tulia, mguu, tulia. Hatua ile hushikwa na ngoma. Mwimbaji wetu ana sauti tamu, Mungu amzidishie, lakini miguu yake ina haraka. Kila baada ya hatua nne aliongeza mwendo. Watoto wa maua wakawakanyaga wasindikizaji, wasindikizaji wakamkanyagia bibi harusi gauni. Wakarudi mlangoni, wakaanza upya, wakakanyagana tena. Watu wakaanza kucheka chinichini, na mimi nilicheka kuwazidi.

Mara ya tatu bibi harusi hakuondoka mlangoni. Kwetu bibi harusi siku hiyo haongei wala hacheki. Huinamisha uso, ndiyo heshima ya kuaga kwao. Naye aliuinamisha vile vile, akasimama. Shangazi yake alimvuta mkono, hakuvutika. Alinong'ona kitu. Shangazi akapita katikati ya ukumbi hadi kwa baba mkubwa, akasema kwa sauti iliyotufikia hata sisi wa fanta:

"Mutoto anasema hii bendi ni yeye aliichagua, juu ya ule binti mwenye kupiga. Bila yeye haingie."

Mzee akatazama saa yake. Misa ilikuwa imechelewa kwisha, na sasa ilikuwa inakaribia saa tisa. Zilikuwa zimebaki hotuba za wazee wa pande mbili, zile za kusifiana ng'ombe, ambazo hakuna vita iliyowahi kuzifupisha. Wageni wa Buterere, wenye safari ndefu, walishaanza kunong'onezana habari za njia.

Nilidhani atamtuma kiongozi. Alikuja mwenyewe, akasimama kati ya kreti za fanta, akavua kofia.

"Mama," akaniambia, mimi nisiye na mume wala mtoto, "kuya utusaidie."

Nilimaliza fanta yangu kwanza. Kisha nikapita katikati ya ukumbi ule ule, kidevu juu, mwimbaji akanipisha huku akijifuta jasho. Nikakaa, nikaweka mguu kwenye pedali. Mzee alikuwa amenifuata, amesimama kando yangu, hajui aende wapi.

"Muzee," nikamwambia, "wapange watu ku mulango. Waanze na muguu ya kuume."

Akaenda kuwapanga.