Kibao cha saluni ya mama

Katika maktaba hapa Hallonbergen, ugenini tunakoishi sasa, wametundika mchoro mkubwa wa vibao vya maduka ya mji mdogo wa Marekani. Nilidhani ni picha ya kamera, mpaka nilipokaribia nikaona alama za brashi hata kwenye kutu.

Mjomba wangu naye alichora namna hiyo kule kwetu. Kwenye kibao cha saluni ya mama aliuchora uso wa mama mwenyewe, pamoja na pengo la jino lake. Wateja walimtania: "Mama saluni, huyu wa nje anacheka kuliko wewe!"

Hatukuwa na picha nyingine ya mama. Kwa hiyo siku tuliyokimbia vita, baba alianza kung'oa misumari ili tuondoke na kibao.

"Kiache, baba watoto," mama alisema. "Wateja watadhani tumefunga."

Baba akaipigilia tena ile misumari, mmoja mmoja, mpaka kibao kikashika imara.