Suti Nyeusi ya Mzee Kimya

Ofisini tulimwita Mzee Kimya, naye hakulikataa jina. Kulikataa kungemlazimu aseme neno. Kazi yake ilikuwa kutunza jalada la viapo. Waziri mpya akiapa, yeye ndiye aliyesimama pembeni na kumpa karatasi na kalamu. Kwa hiyo aliwajua wanaokuja kabla ya nchi nzima, na kwa miaka ishirini na sita hakuna aliyemtoa neno, hata mimi niliyekaa naye meza moja nikimchokonoa kila siku. "Kimya kingi kina mshindo," nilimtania. Mdomo wangu huu!

Mkewe hakuhitaji kumchokonoa. Mumewe akisema, "Mama, ninyooshee ile suti nyeusi," alijua kesho kuna waziri anang'oka. Mwaka huu kampuni za kubashiri zikaanza kupokea dau hata za mambo ya siasa kwenye simu. Mama wa watu akabashiri mara tatu kuwa kesho waziri anaondoka, akapatia zote tatu, kwa laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mumewe.

Kamati ya maadili ilimwita Mzee Kimya akiwa amebakiza miezi minane astaafu. Akipatikana na hatia, kazi na kiinua mgongo vyote vinakwenda na maji. Wiki nzima hakugusa chakula. "Nimekwisha, ndugu yangu," aliniambia.

Nilikwenda kuwa shahidi wake. Mkewe alisimama mbele ya kamati, machozi yanamtoka.

"Waheshimiwa, baba watoto hajaniambia kitu. Mimi niliona suti tu."

Mwenyekiti alimwamini, nilimwona. Kisha akainua karatasi. "Mama, mumeo alitia saini fomu hii Januari. Inakataza watumishi kubashiri mambo ya siasa, wao na wenzi wao. Hukuiona?"

"Fomu gani?"

Nilimwonea huruma mama yule, na papo hapo nikatamani kumzaba kofi mumewe.

Mama akamgeukia mumewe. "Baba watoto, si ungeniambia?"

Mwenyekiti akaanza kuandika.

Nakala ya fomu ile, ya kwenda nayo nyumbani, ilikuwa bado kwenye droo ya meza yetu. Niliiona kila nilipotafuta pini. Katika karatasi zote zilizopita mikononi mwake, ile peke yake ndiyo aliyoagizwa akamwonyeshe mkewe.