Jiwe Lililomuuliza Marehemu

Ilikuwa mwaka ule upepo ulipong'oa paa la karakana. Hapana, nasema uongo; ni mwaka uliofuata, maana mashine ya kuchonga ilikuwa imeshaingia, na nani angeiweka penye paa bovu.

Karakana ni ya shemeji yangu, mchonga mawe ya makaburi. Zamani alichonga kwa patasi, na kabla ya kugusa jiwe aliwasomea wafiwa maneno yao kwa sauti. Mashine ilipokuja akaacha kusoma. Maneno yanatoka kwenye simu ya mteja, yanaingia kwenye kompyuta, kompyuta inaiambia mashine, yeye anakunywa chai.

Ijumaa moja mjane wa fundi madirisha akaja kutazama jiwe la mumewe. Lilikuwa la kuwekwa kesho yake, na jingine la rangi ile halikuwepo. Akavaa miwani, akasoma: "Pumzika kwa amani???"

Akamgeukia shemeji. "Baba, mnamuuliza?"

Shemeji akaweka kikombe cha chai chini. "Mama, ndivyo binti yako alivyotuma."

"Binti yangu hana shaka na babaye. Ingawa," akakuna shavu, "kwa mtu asiyekaa kitako vile, swali si baya."

Nikacheka; shemeji akanitolea macho. Akampigia fundi wa kompyuta, naye akaeleza: simu hutuma kila herufi kama namba, na kila chombo kina orodha yake ya kuzisoma. Binti aliweka vipicha vitatu mwishoni, vile vya emoji. Orodha ya mashine ni ya kizamani, haina vipicha, na isichokijua inakiwekea alama ya kuuliza.

"Basi ina adabu kukushinda," mjane akamwambia shemeji. "Yenyewe isipojua, inauliza."

Shemeji akaitafuta patasi yake. Alasiri nzima akazichimba zile alama, kila moja ikawa jani lenye kikonyo, na nukta yake tone la maji. Kisha akamsomea mjane jiwe lote kwa sauti, mpaka majani.

"Haya," mjane akasema, "lipelekeni."

Tangu hapo hachongi kabla hajasoma.

Kesho yake binti akaja makaburini, akayapapasa majani kwa kidole, moja moja. Nikamsogelea taratibu, maana mimi umbea naujua mwenyewe, nikamuuliza, na hajanijibu mpaka leo: mwanangu, ulimtumia baba picha gani?